Ufunguo wa Pili

Sanduku letu lina kufuli tatu.
Ufunguo wa kwanza anao Nyanjige, mwenyekiti,
wa tatu anao Sayi wa mkaa,
wa pili ni wangu. Nimeufunga kwenye pindo la kitenge,
hata nikilala nausikia ubavuni.

Mwaka ule ziwa lilipanda mpaka kwenye vichanja vya dagaa,
na ugonjwa ukapanda nalo.
Wanunuzi wa Kongo wakapotea Mwaloni.
Shule zikafungwa Jumanne moja, mchana kweupe,
Holo wa Mabatini akabaki na sketi za bluu tisini na mbili
zimekunjwa vizuri, hazina wa kuzivaa.

Alianza na benki.
Benki ikamnyunyizia dawa viganjani,
ikampa kiti, viti vya jirani vimepigwa msalaba wa utepe,
ikaomba hati ya nyumba.
Nyumba ya Holo imeegemea jiwe kule juu;
jiwe lilikuwepo kabla ya wapima ardhi,
na wapima ardhi hawajafika huko hadi leo.

Akajaribu simu.
Simu haina foleni, haivai barakoa.
Ilimpa elfu ishirini kabla hajamaliza kupumua,
kisha ikawa inamwamsha kabla ya jogoo:
Mpendwa mteja. Mpendwa mteja.
Hata marehemu mumewe hakumwita mpendwa mara nyingi hivyo.

Tukamwambia, halmashauri wana mkopo usio na riba.
Akaenda.
Wanataka watu watano, katiba, muhtasari, picha ndogo nne,
barua ya mtendaji,
na mtendaji amejifungia ndani anakohoa.
Fomu yenyewe ni nzuri. Anayo bado, chini ya godoro.

Wakabaki wale wa kausha damu:
kijana mpole, pikipiki, daftari jekundu,
aliyekwisha kukipima cherehani kwa macho
kama mchinjaji anavyompima mbuzi wa jirani.

Ndipo akarudi kwetu.

Tulikaa uani kwa Nyanjige, mita moja moja,
ndoo ya maji tiririka katikati kama mgeni rasmi.
Mkopo wa hisa alikuwa nao tayari, haujalipika.
Kilichobaki ni mfuko mdogo, mfuko wa jamii,
jero jero zetu za kila Alhamisi.
Nyanjige akafungua katiba:
mfuko huu ni wa ugonjwa na msiba. Basi.
“Unaumwa?”
“Siumwi.”
“Umefiwa?”
Holo kimya. Barakoa inaingia mdomoni, inatoka.
“Cherehani,” akasema. “Leo siku ya arobaini hakijasema kitu.”

Sayi alicheka.
Akatutazama, akaona anacheka peke yake.
Mimi nikafungua pindo.

Tulimpelekea elfu sitini ndani ya bahasha,
kama inavyopelekwa.
Tukaketi mkekani mbalimbali.
Kilikuwa pale pembeni, kimefunikwa shuka,
na hatukujua la kusema, tukasema pole.
Nyanjige, yule yule mkali wa faini,
akauliza mafuta yako wapi,
akakipaka viungo kimoja kimoja, bila kuagizwa.

Elfu sitini haikutosha, nisiwadanganye.
Sehemu ilimezwa na yule wa Mpendwa mteja,
sehemu kodi ya fremu, na unga.
Shule zilipofunguliwa, watoto wengine walirudi wamerefuka,
Holo akafumua pindo za sketi usiku kucha.
Kumi na saba hazikununuliwa kabisa.
Moja nimeishona mto wa kiti.

Majuzi alikuja afisa maendeleo kukagua vitabu.
Kidole chake kikashuka, kikashuka, kikasimama:
Rambirambi, cherehani, 60,000.
Akavua miwani.
“Huyu marehemu,” akauliza, “alikuwa mwanachama?”

Nyanjige akanitazama. Sayi akatazama mkaa kwenye kucha zake.

“Hakufa,” nikasema.
“Tulimuwahi.”